Dakika 60 za mtoto kutoka jasho zinapatikana wapi kama gari la shule linapita saa 11 na nusu alfajiri?

#1 Mama wa Olasiti
Wakuu habari. Nimepiga hesabu ya siku ya mtoto wa darasa la nne anayesoma shule ya gari hapa Arusha, haifungi. Gari linapita saa 11 na nusu alfajiri kwa sababu lazima lizunguke Olasiti, Kwa Mrombo na Njiro ndipo lifike shule. Mapumziko ya saa 4 ni nusu saa, na nusu ya hiyo iko kwenye foleni ya uji. Vipindi, chakula, vipindi tena, twisheni mpaka saa 10. Gari tena, nyumbani saa 11 na nusu. Saa 1 giza. Kuoga, kula, homuweki, kitandani saa 3. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 za mazoezi kila siku. Zitoke wapi? Naomba mbinu, mawaidha nimeshashiba.

#2 Kibosho Juu
Mpandishe kwa bibi Kibosho. Kwenda dukani mteremko, kurudi mlima, na bibi kila mara anasahau kuagiza kiberiti. Dakika 60 zinaisha kabla ya chai.

#3 Mwalimu wa Zamu
Dawa tunayo, tumeitupa wenyewe. Mchakamchaka. Shule nyingi umebaki jina: wanafunzi 600 mstari mmoja, wa mbele wanakimbia, wa nyuma wanatembea wakichapana na matawi, mwalimu kasimama na fimbo chini ya mjakaranda.

Ukitaka ufanye kazi, kundi lisizidi watoto 60. Wafupi wakae mbele, wao ndio waweke mwendo. Mwimbishaji akae katikati ya kundi, akikaa mbele wa nyuma hawamsikii na mstari unakatika. Wimbo ndio saa yako. Wakiitikia kwa sauti kamili bila kuhema, mwendo uko chini. Itikio likipotea kabisa, mmezidisha. Likija fupi fupi na pumzi katikati, hapo hapo. Dakika 15, mbili za mwisho watembee.

Kinachouharibu ni vumbi la Januari na Februari na viatu vya ngozi vyenye soli ngumu. Njia imwagiwe maji jioni ya kuamkia, au mzunguke upande wa nyasi. Wakimbie na raba, au peku kama nyasi zimekaguliwa miiba na vipande vya chupa.

#4 Fizio wa Moshi
Nirekebishe #1 kidogo. Mwongozo wa 2010 ndio uliosema angalau dakika 60 kila siku. Wa 2020 unasema wastani wa dakika 60 kwa siku ndani ya wiki. Kwa hiyo deni lako ni dakika 420 kwa wiki, na siku iliyopungua inafidiwa na nyingine.

Ila kuna kipande watu hukiruka. Angalau siku 3 kwa wiki lazima kuwe na kazi nzito ya kutweta, pamoja na zoezi la misuli na mifupa: kuruka, kupanda, kuning'inia, kuvuta kamba. Kutembea peke yake hakujazi kipande hicho, hata atembee toka Tengeru hadi Sakina.

Kipimo bila mashine: mtoto akiweza kuongea lakini hawezi kuimba vizuri, hiyo ni kazi ya wastani. Akitoa maneno mawili matatu ndipo avute pumzi, hiyo ni nzito. Mwalimu wa Zamu, itikio lako fupi fupi liko mahali pake. Na walio chini ya miaka 5 wana hesabu yao: wa miaka 3 na 4 ni dakika 180 za kuchezacheza kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za nguvu. Msimpime mdogo kwa kipimo cha kaka yake.

#5 Chalii wa Sombetini
Hayo ya ratiba ni ya watoto wa gari aisee. Huku watoto wanaenda kwa miguu, saa 9 wamesharudi, muda wanao. Hawana pa kuchezea. Kila kiwanja kina msingi wa nyumba au gari bovu la gereji. Chandimu inachezwa barabarani, bodaboda ikija mpira unasimama, ikipita unaanza, ikija nyingine unasimama. Leteni viwanja, dakika zitajileta zenyewe.

#6 FundiKamba
Kamba inataka mita 2 kwa 3. Uani panatosha.

Nunua katani, au ile ya plastiki inayoitwa manila, ya milimita 8 hadi 10. Nailoni nyembamba ni nyepesi mno, haizunguki, inajikunja hewani na kumcharaza mtoto miguuni. Kupima: akanyage katikati kwa mguu mmoja, avute ncha mbili juu, zifike kwapani. Zikivuka bega, kamba ni ndefu na itaburuzika chini. Akitanua mikono kuipunguza, inapanda ghafla na kunasa vidole. Ndiyo sababu wengi husema mtoto wao "hawezi kamba", kumbe kamba ni ya dada yake. Ncha za katani zifungwe uzi zisifumuke, za manila zichomwe kwa kiberiti.

Viwiko vikae ubavuni, kazi ifanywe na vifundo vya mikono. Kuruka ni sentimita 2 au 3 tu, atue kwa mbele ya nyayo, magoti yamelegea. Udongo ulioshikana au nyasi fupi ni bora. Vigae vinateleza, saruji inaumiza muundi baada ya siku chache, na ndala kamba inazivua.

Aanze sekunde 20 kuruka, 40 kupumzika, mara 10. Akizoea, 30 kwa 30. Anayeshindwa kuunganisha, ashike ncha zote kwa mkono mmoja, azungushe kamba pembeni huku akiruka kila inapogonga chini. Mkono na mguu vikikubaliana ndipo airudishe mbele.

Kamba ya kundi ni mita 4 hadi 5, wawili wanazungusha. Wabadilishwe kila mizunguko 30, la sivyo wazungushaji ni wale wale wanyonge kuanzia asubuhi hadi jioni, hawaruki hata mara moja.

#7 Mzee wa Shanty Town
Vijana mnapima kamba kwa rula. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia Olimpiki ya 1974 na hakuna aliyempimia kwapa. Watoto wa zamani walikimbia, wa sasa wanabebwa. Uzi ufungwe.

#8 Mtunza Rekodi
Shikamoo mzee. 1974 hapakuwa na Olimpiki. Ile ilikuwa Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, 2 Februari, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Montreal 1976 hakukimbia, Tanzania iligoma pamoja na nchi nyingi za Afrika. Medali yake ya Olimpiki ni fedha, Moscow 1980, mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Na bingwa mmoja haonyeshi watoto wengine wa enzi hizo walikuwa wanafanya nini.

#9 Mzee wa Shanty Town
Marahaba. Mwaka niliupatia lakini.

#10 Dada Netiboli
Mnazungumza kama watoto wote ni wavulana. Takwimu za dunia za 2016, umri wa miaka 11 hadi 17: asilimia 81 hawafikii kiwango. Wasichana 85, wavulana 78. Hiyo tofauti haitokani na gari la shule, gari linawabeba wote.

Nenda shule yoyote saa 4. Uwanja wote ni mpira wa miguu wa wavulana, wasichana wamesimama ukingoni wamefunga sketi kwa mikono upepo usiipeperushe. Bukta chini ya sketi iwe kwenye orodha ya sare, na isiachwe iwe hiari. Uwanja ugawiwe kwa siku: Jumatatu na Jumatano wavulana hawaingii, mwisho wa habari. Sehemu ya kubadilisha pedi iwe na maji na mlango unaofunga, vinginevyo darasa la sita na la saba wanakaa pembeni siku kadhaa kila mwezi na hakuna anayeuliza.

Na goli la netiboli la mita 3.05 ni la watu wazima. Mtoto wa miaka 8 anarusha, haufiki, anakata tamaa. Toboa nguzo tundu la pili kwenye mita 2.4, ring'i ishuke na kupanda kwa bolti moja. Mpira saizi 4, saizi 5 waachie sekondari.

#11 Kibosho Juu
Wasichana wanachota maji, wanadeki, wanaosha vyombo. Hayo si mazoezi? Wavulana ndio wa kuhurumiwa.

#12 Fizio wa Moshi
Kudeki kwa nguvu kunahesabika, sikatai. Maji ni jambo jingine. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto wa darasa la nne ana kilo 28 hadi 32. Huo ni mzigo wa shingo, na haukui taratibu kama zoezi linavyotakiwa kukua. Dumu la lita 5, mikono ikibadilishana kila hatua 50, hapo tunaweza kuliita zoezi. Tena kazi anayotumwa kila siku bila hiari, mtu hapendi kuirudia akikua. Tunachotaka ni arudie.

#13 Raba Nyeupe
Hapo kwenye hiari ndipo uzi ungeanzia. Mtoto akichelewa paredi: ruka kichura kuzunguka uwanja. Akipiga kelele: pushapu 20. Akishindwa hesabu: kimbia raundi tatu. Miaka saba tunamfundisha kwamba kukimbia ni adhabu, halafu tunashangaa akifika kidato cha kwanza anajificha chooni kipindi cha michezo.

Kichura chenyewe ni kibaya. Goti limekunjwa mpaka mwisho, linabeba uzito wote, kisha linaruka. Watoto wa miaka 10 hadi 14 wanaokua haraka wengi wanaumwa chini ya goti, pale kwenye kifundo cha mfupa wa muundi, na kichura kinapachokonoa pale pale.

#14 Mwalimu wa Zamu
Umetugusa. Ila toa mbadala, darasa lina watoto 80.

#15 Raba Nyeupe
Mbadala wa adhabu utafute mbali na mwili: abaki afute ubao, apange madaftari. Mwili uwe zawadi. Darasa lililomaliza kazi mapema litoke dakika 5 kabla ya kengele. Utaona hesabu zinavyokwenda.

#16 Geti Jeusi
Mnazunguka mbuyu. Ni simu na katuni. Zima runinga uone kama hawatatoka.

#17 Mama wa Olasiti
Asanteni wote. Geti Jeusi, watoke waende wapi? Saa 11 na nusu wazazi wako njiani, nyumbani yuko dada wa kazi, na maagizo aliyopewa ni mawili: wale, na wasitoke nje ya geti. Runinga inawashwa kwa sababu geti limefungwa.

#18 Mdau wa Kijenge
Basi tumia gari lenyewe. Wazazi wa mtaa mmoja waongee na dereva, watoto washushwe kilomita moja kabla, pamoja, wamalizie kwa miguu. Mtu mzima mmoja kwa watoto 8, anatembea nyuma, na mtoto mkubwa kuliko wote anaongoza. Watembee upande wa kulia wa barabara, magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo wanayaona yanayowajia. Barabara kuu ya Moshi isivukwe na msafara, kituo cha kushukia kichaguliwe upande wa nyumbani. Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mtoto: wa kilo 30 abebe kilo 3. Ukilipima la darasa la nne leo utashangaa, madaftari ya siku tano yote yamo. Kilomita moja kwa mtoto ni dakika 12 hadi 15. Mara tano kwa wiki una dakika 60 hadi 75.

#19 Chalii wa Sombetini
Yaani mnalipia gari ili liwashushe njiani. Huku tunaita kutembea.

#20 Mama Wawili
Samahani nawakatisha. Mwenye pumu naye afanye hayo yote? Juni na Julai huku Arusha baridi yake mnaijua.

#21 Fizio wa Moshi
Afanye, tena anayahitaji mazoezi kuliko wengine, kwa mpango. Hewa ya baridi na kavu ya asubuhi ndiyo inayobana kifua, kwa hiyo Juni na Julai mazoezi yahamie saa 10 jioni na mchakamchaka wa alfajiri apumzike. Apashe mwili moto dakika 10 kwa vipindi: kukimbia polepole sekunde 30, kutembea dakika moja. Kama daktari amemwandikia pampu ya kutumia kabla ya michezo, ni dakika 10 hadi 15 kabla, na ikae kwa mwalimu uwanjani, isifungiwe ofisini.

Pampu ikitumika mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi inabaki kooni. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani. Kata tundu kwenye kitako lenye umbo la mdomo wa pampu, lishike bila kuvuja. Tikisa pampu, mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute pumzi 5 au 6 za kawaida. Ndipo ubonyeze tena. Wengi wanabonyeza mara mbili mfululizo, dawa inagandia ukutani mwa chupa.

Mwenye selimundu: sweta, maji kabla na kila dakika 15, apumzike anapotaka yeye, asishindanishwe. Maumivu yakianza, anaacha, hakuna "malizia raundi".

#22 Maji ya Chai Halisi
Maji yapi? Huku kwetu Maji ya Chai na Ngurdoto maji yana floraidi nyingi, mpaka ya kuogopwa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wa Arumeru yametoka hapo, na floraidi ikizidi sana kwa miaka inaingia mifupani na viungo vinakakamaa. Mtoto anayecheza anakunywa zaidi, kwa hiyo anapata zaidi. Na msiseme "tutachemsha". Kuchemsha kunapunguza maji, floraidi inabaki, inakolea. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ndiyo yenye kidogo: ya kwanza ya msimu yamwagwe yasafishe bati, yanayofuata yahifadhiwe na kutibiwa vijidudu. Shule yenye michezo iwe na tangi la mvua, hilo ndilo kombe la kwanza.

#23 FundiKamba
Hii sikuitegemea kwenye uzi wa kamba. Asante.

#24 Kibosho Juu
Sasa turudi kwenye michezo yenyewe. Rede, kombolela na kidali po, upi unawatoa jasho?

#25 Dada Netiboli
Kombolela nusu saa nzima mtoto kajificha nyuma ya tangi, hajasogea. Mazuri yake ni kukimbilia kopo, sekunde 10. Kidali po ndiyo yenye mbio.

Rede ni nzuri lakini ina ugonjwa mmoja: ukipigwa unatoka, na anayetoka wa kwanza ndiye mzito na mpole, yule yule anayehitaji kucheza. Baada ya dakika tano katikati wamebaki wawili hodari, wengine 12 wamekaa. Badilisha sheria: aliyepigwa aende pembeni aruke kamba mara 20 kisha arudi. Warushaji wasimame mita 8 kwa wadogo, 10 kwa wakubwa, na wabadilishwe kila chupa ambayo wa katikati wanaijaza mchanga ikijaa. Tumieni chupa ndogo. Ya lita moja na nusu haijai, watu wanagombana.

Mpira uwe wa matambara ndani ya soksi, umekazwa kwa uzi, ukubwa wa chungwa. Wa makaratasi ya nailoni umekuwa adimu tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019.

#26 Mtunza Rekodi
Marufuku ni ya mifuko ya kubebea. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa viwandani bado vipo, na watoto wa Pasua wanavitumia vizuri tu.

#27 Chalii wa Sombetini
Mtunza Rekodi ana rekodi ya mpaka majalala.

#28 Mdau wa Kijenge
Mama wa Olasiti, nimekupangia. Jumatatu hadi Ijumaa: kutembea 15, kidali po saa 4 baada ya uji 15, kamba ndani ya geti 10. Ni 40 kwa siku, 200 kwa siku tano. Jumamosi na Jumapili 110 kila moja, kwa vipande. Jumla 420.

#29 Mtunza Rekodi
Kamba ya FundiKamba, sekunde 20 mara 10, ni sekunde 200. Hiyo ni dakika 3 na sekunde 20, si 10. Umejaza mfuko kwa hewa.

#30 Fizio wa Moshi
Ukihesabu kwa saa ya mkononi uko sahihi. Lakini mtoto hachezi mfululizo hata kidogo, anakurupuka sekunde chache, anasimama, anakurupuka. Moyo wake kwenye zile 40 za kupumzika bado uko juu. Mimi ningempa 7 au 8. Kutembea nako kunahesabika kama ni mwendo wa haraka. Wakiburuza miguu wakila mihogo, andika sifuri.

#31 Raba Nyeupe
Na 110 za Jumamosi mnazipata wapi, wakati darasa la nne na la saba wana kambi ya mtihani kuanzia Julai? Hapo ndipo mpango wote unapofia. Shule zinafuta michezo kwa madarasa hayo mawili kwanza.

#32 Mwalimu wa Zamu
Zinafuta kwa sababu wazazi wanauliza wastani wa mtihani, hawaulizi mtoto alikimbia dakika ngapi. Mzazi mmoja akiuliza kwenye kikao anachekwa. Wakiuliza 20, ratiba inabadilika wiki hiyo hiyo.

#33 Geti Jeusi
Bado nasema simu.

#34 Mama wa Olasiti
Nimechukua kamba ya uani na kushuka njiani, dereva nitaongea naye kesho. Swali la mwisho kwa FundiKamba: masika ikianza Machi, kamba ya katani ikilowa inakuwaje?

#35 FundiKamba
Inavimba, inakuwa nzito na ngumu, na ikikauka vibaya inaoza kutokea ndani. Usiianike juani, itakakamaa na kukatika. Itundike kivulini barazani, imenyooka, bila kuikunja. Kwa miezi ya mvua nunua ya manila, hainywi maji. Ila kwenye sakafu ya baraza iliyolowa usimrushe na kamba yoyote. Mpe ngazi moja ya mlango: mguu wa kulia juu, wa kushoto juu, wa kulia chini, wa kushoto chini, dakika 2, kisha aanze na wa kushoto. Ngazi isizidi sentimita 20.